Bega la Mtungi Mweupe

Jingdezhen, 21 Februari 1936

Kaka Shouren,

Pokea salamu zetu, za mto mdogo kwenda kwenye hiyo bahari ya watu unakoishi. Hapa hatujambo, ila baridi imekataa kuondoka. Wifi Peilan yu mzima? Na watoto je? Mwaka mpya tumeula wawili, baba na mimi. Bakuli lako niliweka mezani kama kila mwaka, na huu ni wa nne. Baba alilitazama akasema, "Liondoe, wali unapoa." Kisha akaula yeye.

Yanayofuata ni maneno yake. Amekaa hapa kwenye kigoda, miguu juu ya jiko la makaa, yeye anasema na mimi naandika. Sikuongeza chumvi.

"Mwambie huyo jogoo wa Shanghai nimelisikia ombi lake. Mitungi sita ya plamu, ile ya kusimamishia tawi moja la maua, myeupe, mitupu, bila mchoro. Amechagua kazi ngumu. Mtungi wenye michoro huficha aibu yake nyuma ya majoka na maua, lakini mtungi mtupu hauna nguo. Jicho la mtu linaanzia mdomoni, linateremka shingoni, likifika begani linapumzika, halafu linaporomoka hadi mguuni. Bega likipanda mno, mtungi una kiburi. Likishuka, umechoka. Mahali penyewe ni unene wa ukucha tu, na hapapimwi kwa rula. Mzee Yu atafinyanga, mimi nitakwangua kwa kisu udongo ukishakauka. Kwanza tutampelekea mitatu."

Hapo alikohoa, nikaweka kalamu chini nikasubiri. Aliporudiwa na pumzi akasema, "Muulize kama bado anajua kutembea na viatu vya majani, au miguu imeshaharibiwa na viatu vya ngozi." Akacheka peke yake.

Langu mimi ni moja. Siku ya kufagia makaburi, njoo. Mwaka huu njoo.

Mdogo wako,
Guizhi


Shanghai, 24 Machi 1936

Mdogo wangu Guizhi,

Barua yako na kasha la mitungi vimefika, na hakuna hata mmoja uliopata ufa. Sisi wazima. Mwanangu mkubwa ameanza kuandika. Anashika brashi kama mtu anayechimba mihogo. Peilan anakusalimu sana.

Mwambie baba hivi, na umsomee polepole. Tajiri wangu hutazama kauri kama muuza samaki anavyotazama samaki, anapindua, ananusa, anasonga mbele. Mbele ya mitungi hii alisimama. Aliuweka mmoja juu ya meza nyeusi, akaondoa kila kitu kilichokuwa karibu, hata kikombe chake cha chai. "Usiusogezee kitu," akaniambia, "unahitaji nafasi ya kupumua." Weupe wake una kivuli cha buluu, kama theluji ya asubuhi kabla jua halijaigusa, na pale chini ya shingo, ambapo maji ya kung'arisha yalijikusanya, buluu inakolea. Mzee mmoja mnunuzi alikaa nao muda wa chai mbili. Alipoondoka aliuinamia kidogo, kama anaaga mtu. Mimi nilisimama pale nikavimba kichwa kana kwamba nimeufanya mimi.

Kwa hiyo nangoja mitatu iliyobaki. Jambo dogo tu: baba asichore ile alama yake chini ya mguu wa mtungi. Aache wazi. Wateja wa huku hawapendi.

Kuhusu kuja, duka limejaa kazi na tajiri hasikii habari za makaburi. Nitakuja vuli. Nifukizie udi kwa mama.

Kaka yako,
Shouren


Jingdezhen, 14 Aprili 1936

Kaka,

Salamu. Makaburi nimefagia peke yangu. Mvua ilinyesha siku nzima na karatasi za sadaka za kuchomea wafu zilikataa kushika moto. Nilizikinga na mwavuli, mgongo wangu ukalowa. Kwa mama nilisema jina lako kabla ya langu, kama inavyotakiwa.

Barua yako nilimsomea baba mara mbili. Kile kisa cha mzee aliyeinama alitaka nikirudie mara ya tatu. Kuhusu alama alisema, "Kwa nini? Mtungi una aibu gani ya kusema umetoka wapi?" Nikamwambia labda ni mtindo wa mjini. Akasema, "Mtindo," kisha akageukia ukutani.

Siku hizi analala mapema na kuamka kwa kuchelewa. Chakula anakionja. Mzee Yu anakuja kila siku kukaa naye, wanatukanana kama kawaida yao, ila baba anajibu tusi moja katika matatu.

Ukiweza, pata siku tano, mbili za kuja na mbili za kurudi; najua hazitoshi, basi siku kumi. Usingoje vuli. Hakuna jambo. Nasema tu usingoje.

Guizhi


Shanghai, 10 Mei 1936

Guizhi mdogo wangu,

Wazima sote, isipokuwa Peilan ana jino. Nakutumia kifurushi cha mizizi ya dawa, ya kweli, ya kaskazini. Mchemshie baba asubuhi, asichanganye na figili.

Barua yako imenikasirisha kidogo, nisamehe. Unaandika "hakuna jambo" kwa namna ya kumfanya mtu asilale. Baba amekohoa tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nasinzia kwa kusikia kikohozi chake kama wengine wanavyosinzia kwa kusikia mvua. Kila mkwanguaji anakohoa. Ukikaa miaka arobaini unakwangua udongo mkavu, lazima uwe na udongo kifuani. Kama kuna kitu, sema. Kama hakuna, usinitie hofu, kwa sababu nikiondoka hapa siku kumi kuna watu watatu wanaokitaka kiti changu.

Mitungi mitatu, tafadhali. Tajiri ananiuliza kila siku. Baba mwenyewe anajua, mtu akishaonja huo weupe hawezi kungoja.

Shouren


Jingdezhen, 28 Juni 1936

Kaka,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Sikukuu ya mashindano ya mashua imepita. Nilifunga wali kwenye majani kama alivyotufundisha mama, nikampelekea Mzee Yu nusu.

Mizizi ya dawa ilifika. Ahsante.

Mitungi mitatu iko njiani na mashua ya wiki hii. Chini haina alama. Baba anasema uipokee. Baba anasema joto ni kali mwaka huu na udongo unakauka upesi kuliko mkono. Baba anasema usihangaike kuja.

Guizhi


Shanghai, 3 Agosti 1936

Guizhi,

Nasalimu nyumba nzima. Joto la huku pia linaua. Sitazunguka.

Mitungi imefika na nimefedheheka. Tajiri aliipanga mitatu juu ya meza ile ile nyeusi, akaitazama, akanywa chai yake yote, na hakuondoa mezani kitu chochote. Hiyo tu ilinitosha. Mwambie baba, na usimpunguzie: bega limeanguka. Limeanguka kama bega la mjane. Jicho likifika pale halipumziki, linateleza. Mguu mzito, mtungi umekaa kama mama mboga aliyechuchumaa sokoni. Na wa tatu ulikwanguliwa sana upande mmoja. Niliugonga kwa ukucha ukanijibu sauti mbili.

Ni mkono wa nani huu? Kama baba amempa mwanafunzi kazi yangu, aseme. Kama amezeeka, aseme pia, nitatafuta mkwanguaji mwingine. Mimi ndiye ninayeonekana mjinga hapa.

Afanye mmoja tu. Mmoja, lakini awe yeye.

Shouren


Jingdezhen, 2 Oktoba 1936

Kaka,

Juzi mwezi ulikuwa mpevu na mkubwa mno hadi watu walizima taa. Natumaini mliuona nanyi huko, kama majengo yenu yanaruhusu. Watoto nimewatumia keki za ufuta, zimefungwa ndani ya shati la kitani. Shati ni la wifi.

Barua yako ilisomwa. Baba alicheka kwa hilo la mama mboga. Hilo la mjane hakulicheka.

Anasema umesema kweli. Anasema kosa lilikuwa hili: alikuwa anakwangua bega huku akilitazama bega. Halitazamwi. Unatazama hewa iliyo kando yake, lile umbo jeupe la hewa linalobaki kati ya mtungi na ukuta, na kisu unakiacha kiifuate hewa. Unapofika kwenye kiuno unazuia pumzi, si kwa ustadi, ni kwa sababu ukipumua udongo unakuingia. Mitungi kumi na minane ilivunjika. Mingine ilitoboka mkononi, nyembamba kama ganda la yai. Wa kumi na tisa haukutoboka. Huo ndio unaokujia.

Tanuri lilifunguliwa jana. Mzee Yu mwenyewe ameufunga na kuupeleka mtoni.

Guizhi


Shanghai, 15 Novemba 1936

Mdogo wangu,

Sijui nianze wapi, hata salamu zimenikimbia. Kumradhi. Sote wazima.

Nilidhani nayajua mabega yote ya baba. Hili silijui. Limepanda juu kidogo kuliko ya zamani, likasimama pale kama mtu aliyetaka kusema neno akalizuia, halafu mtungi wote unashuka kwa pumzi moja hadi mguu mdogo kiasi kwamba unaogopa utaanguka. Hauanguki. Tajiri aliondoa kila kitu mezani, kisha akaiondoa na meza, akauweka sakafuni kwenye mkeka, tukachuchumaa sote wawili kama watoto. Alisema, "Aliyefanya huu ameomboleza."

Umeshanunuliwa. Usiniulize na nani.

Sasa nikuulize mimi. Wiki iliyopita mpwa wa Mzee Yu alileta mzigo wa bakuli hapa mjini. Nilimshika mkono, nikampa chai, nikamwuliza, "Mzee wangu vipi, bado anawatukana?" Akatazama viatu vyake. Nikarudia. Akasema, "Kaka Shouren, chai yako tamu, lakini mashua yangu inaondoka." Na hakuwa ameinywa.

Guizhi, baba yuko wapi?

Shouren


Jingdezhen, 4 Desemba 1936

Kaka,

Leo sina salamu.

Baba alifariki tarehe mbili Mei, saa ya chakula cha mchana. Ulipokuwa unaandika kuhusu mizizi ya dawa alikuwa ameshalala kando ya mama siku saba. Hakuteseka mwishoni. Kabla ya hapo aliteseka wiki sita. Alikuwa hawezi kulala chali, nilikuwa nakaa nyuma yake na yeye ananiegemea kama kiti.

Mitungi mitatu ya kwanza, ile ya Machi, ilikuwa mikono yake na ndiyo ya mwisho. Wa tatu aliukwangua akiwa amefungwa mkanda kwenye nguzo ili asianguke. Mitatu ya bega la mjane ilikuwa yangu. Na huo mmoja pia ni wangu.

Unajua mwanamke hakai kwenye gurudumu la kukwangua. Wazee wa kazi wangevunja banda zima. Lakini tangu mume wangu afe na mimi nirudi nyumbani, nimekuwa mikono ya baba. Yeye alikuwa anakaa mbele, mimi nyuma ya pazia la magunia namalizia kazi nzito, na usiku anasema, "Leo tulikwangua vizuri." Alipokufa, Mzee Yu aliliacha pazia pale pale. Watu wakipita anapaza sauti kana kwamba anamwita baba, "Feng, wewe kenge, fanya upesi!" Na mimi nakohoa kwa niaba ya maiti. Sikuhitaji kujifunza kukohoa, Kaka.

Kwa nini sikukuambia? Baba alinikataza. Alisema, "Mwache amalize mitungi yake. Akija kunizika, kiti chake kitachukuliwa." Hiyo ndiyo sababu ninayoweza kumwambia mtu yeyote. Wewe nitakupa nyingine. Nilihesabu maneno katika barua zako. Mitungi umeitaja mara nyingi, baba mara chache, na kila ulipomtaja ulikuwa unamtuma kazi. Nikasema, basi, mwanamume huyu hana haja na baba, ana haja na mitungi. Nitampa mitungi. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilinipa mkono imara kuliko subira.

Mpwa wa Mzee Yu ameniambia na kwa nini mlitaka chini pawe wazi. Alichungulia chumba chenu cha nyuma. Sikutaka kuamini. Niambie wewe.

Guizhi


Shanghai, 19 Januari 1937

Guizhi,

Nimevaa kitambaa cheupe cha msiba mwezi mzima. Dukani waliniuliza ni nani, nikasema ni baba, wakauliza ni lini. Nikasema jana.

Uliyoambiwa ni kweli. Tunauza mitungi kama ya kale, ya enzi ya Song, ya miaka mia nane. Kazi ya kuizeesha ni yangu. Ndiyo sababu kiti changu kinatakiwa na watu watatu. Wa kwako nilikaa nao siku tisa. Niliusugua kwa ngozi na mchanga laini hadi mng'ao ukafa. Niliulaza kwenye chai nzito na tope la kisima. Siku ya mwisho nilichukua kinyundo nikavunja kipande cha mdomo wake, kidogo kama punje ya mchele, kwa sababu kitu kizima hakiaminiki. Haya yote niliyafanya kabla sijakuandikia ile barua ya sifa. Nilipokuwa nakusifia, mtungi ulikuwa umeshavunjwa na mimi.

Kuna jingine, na sitalala nikilificha. Juzi nilipita mtaa wa maduka ya Wazungu nikauona dirishani, peke yake, na kadi mbele yake: mtungi wa Song, fundi hajulikani. Watu walikuwa wanasimama. Bwana mmoja mzee, mwenye joho la hariri, alikuwa pembeni yangu. Alitazama kwa muda, macho yakamlowa, akanigeukia kana kwamba tunafahamiana. "Watu wa zamani walikuwa na mikono," akasema. "Siku hizi watu wa namna hiyo hawapo tena."

Nilitaka kumwambia. Nakuapia, neno lilinifika kwenye meno: ni dada yangu, yuko hai, anakaa Jingdezhen karibu na kisima. Nikafikiria tajiri, nikafikiria polisi, nikafikiria watoto.

Nikamjibu, "Kweli, mzee. Hawapo tena."

Sina uso wa kuja kaburini. Niite mwenyewe, nami nitakuja.

Shouren


Jingdezhen, 26 Februari 1937

Kaka,

Wifi na watoto nawasalimu. Mwaka mpya nimeula kwa Mzee Yu. Mke wake alipika tambi za mchele na pilipili nyingi, tukalia wote tukasingizia pilipili.

Pazia limeondolewa. Wazee wa kazi walikuja siku nne kabla ya sikukuu, wakalishika pembe mbili na kulivuta, wakanikuta nimekaa. Hawakunipiga. Mmoja wao alikuwa rafiki wa baba, alifunika uso. Walichukua visu, wakachukua gurudumu wakaligeuza juu chini, na Mzee Yu amefungiwa kufinyanga mwaka mzima kwa sababu yangu. Sasa ninafunga mizigo. Ni kazi wanayoturuhusu wanawake: unashika bakuli, unalizungushia majani makavu, unafunga kamba, unashika jingine. Kifua kinanibana asubuhi. Mganga aliniuliza nimefanya kazi gani, nikamwambia ya kufua nguo.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza, nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilifurahi kabla sijakasirika. Nilisimama katikati ya chumba nikaziba mdomo kwa mikono miwili. Mara ya pili nilikuchukia kwa ajili ya kinyundo. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka. Njoo kwa baba ukitaka. Sitakuita na sitakufukuza.

Lakini kuna kitu kimoja nakuomba, na usikatae. Mimi niliushika ukiwa udongo mkavu, wa kijivu, hauna sauti. Ukapelekwa tanurini na wanaume, na siku ulipotoka ilikuwa lazima uondoke haraka kabla mtu hajauliza ni kazi ya nani. Mzee Yu aliupokea ukiwa bado na joto, akaufunga hapo hapo mlangoni mwa tanuri, akaupeleka kwenye mashua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Sijawahi kuuona, Kaka. Nenda tena pale dirishani asubuhi, kabla hawajauuza, usimame hadi jua lifike. Kisha uniandikie ulivyo.

Guizhi